Watu Wawili Katika Faili Moja

Mwaka nilioingiza damu ya mji wetu wa Butembo ndani ya kompyuta, miguu yangu haikujua kutulia. Nilikuwa na riwaya moja isiyoisha na mkataba mmoja wa miezi sita. Alfajiri niliandika kurasa mbili, nikazifuta. Kisha nilipanda pikipiki, mfuko wa kompyuta ukinigonga mgongoni, nikateremka katika vumbi jekundu mpaka hospitali ya kanisa. Huko nilikuwa nimeajiriwa kuchambua, kubuni na kusimamisha mfumo wa taarifa wa watoaji damu.

Jumamosi, kwenye kikao chetu cha waandishi vijana, nilijigamba. Niliwaambia wenzangu kwamba kazi hii ni ndugu ya riwaya: unawasikiliza watu mpaka ujue wanachotaka, kisha unawajengea nyumba yenye milango ambayo wenyewe hawakujua kwamba wanaihitaji. Mshairi mmoja, bingwa wa kunipunguza, akauliza, "Na hiyo nyumba yako iko na choo?" Wote walicheka. Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine, kisha nikaondoka kabla ya zamu yangu ya kusoma. Ndivyo nilivyokuwa: nikifika mahali, moyo wangu ulikuwa tayari mlangoni ukitoka.

Chumba cha damu kilikuwa mwisho wa korido. Kulikuwa na friji moja, vitanda viwili, na rafu ya rejesta kumi na moja zilizovishwa karatasi ya mifuko ya saruji ili zisichakae. Kila mtu alipotoa damu, fundi wa maabara aliandika mstari mmoja: tarehe, jina, jina la baba, mtaa, mwaka wa kuzaliwa, kundi la damu, na mwishoni alama ya kujumlisha au ya kutoa. Aliyetoa mara kumi alikuwa na mistari kumi, imetawanyika katika rejesta nne au tano. Namba ya mtoaji haikuwepo.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee mrefu mwenye magoti mabovu, ambaye hospitali nzima ilimwita papa. Alikuwa anakaribia kustaafu, na ndiyo sababu niliitwa. Damu ilipohitajika, yeye hakufungua rejesta. Alifumba macho, kisha akatuma ujumbe: kwa mama muuza makayabu, samaki wa chumvi, kwa dereva wa pikipiki, kwa mwinjilisti ambaye angetangaza baada ya ibada. Baadaye mtu alitokea mlangoni akikunja mkono wa shati. Kwa wiki mbili nilimfuata na daftari, nikichora visanduku na mishale nyuma ya kalenda za zamani, nikitaka kujua kulikuwa na nini nyuma ya kope zile.

Ugumu ulikuwa majina. Kwetu Wanande jina la mtoto halichaguliwi, linahesabiwa. Mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana hivyo hivyo, mpaka majina machache yanatosha kilima kizima. Ukisimama katikati ya soko ukaita jina la mvulana wa pili, wauzaji, wanunuzi na wabeba mizigo watageuka pamoja. Mgeni angechanganyikiwa hapo. Mimi nilizaliwa ndani ya hesabu hiyo, nikaona nimeishinda: mtu angetambulika kwa vitu vinne, yaani jina lake, jina la baba, mtaa na mwaka wa kuzaliwa. Vinne vikifanana, ni mtu yule yule, na mistari yake inakusanywa katika faili moja. Nilimwonyesha papa mchoro wangu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Akaupitia kisanduku kwa kisanduku.

"Na nyumba?"

"Nyumba gani, papa?"

"Nyumba ya mama. Mwanaume akiwa na bibi wawili, kila mama anahesabu batoto yake kuanzia moja. Utapata bandugu wawili, baba moja, jina moja, avenue moja. Hata mwaka inaweza kuwa moja, kama bale mama balibeba mimba pamoja. Andika na nyumba ya mama, mutoto wangu."

"Mais papa, hiyo si kitu ya kuuliza mutu mbele ya batu."

"Miye naiulizaka."

"Weye uko muzee."

"Basi fanya ordinatere yako ikuwe muzee."

Niliandika maneno yake daftarini, kwamba kompyuta nayo iwe mzee. Lakini nilipokaa kuchora fomu, kalamu ilifika pale ikaruka. Hospitali ilikuwa ya kanisa, na mimi ni binti wa nyumba ya kanisa. Kwetu bibi wa pili hutajwa kwa sauti ya chini, watoto wakiwa wametumwa nje. Nilimwona msichana wa mapokezi akimuuliza mwanaume mzima, "Weye ni wa nyumba kubwa ao ndogo?" na foleni yote ikitega masikio. Uso ulinichoma. Nikajiambia kwamba kuacha swali lile ni adabu, na kwamba watu wa namna hiyo watakuwa wachache.

Kisha ikaja wiki ya kuingiza mistari. Papa alikuwa amekwenda kijijini kwenye mazishi, nami nilitaka kumaliza kabla hajarudi, bila sababu yoyote ila ile ya miguu yangu. Programu ilipokuta mistari ya mtu mmoja isiyopatana, ilisimama na kuniuliza nifanye nini. Ilisimama juu ya mwanaume mmoja wa Bulengera: mistari mingine ilisema O ya kujumlisha, mingine O ya kutoa. Nikaziangalia rejesta. Kalamu ya papa ilikuwa imechoka, na alama yake ya kujumlisha mara nyingi ilikuwa na mguu hafifu, karibu usioonekana. Nikaamua kwamba pale penye kistari cha kutoa mguu ulipotea tu. Nikausimamisha. Nilibonyeza kitufe, watu wawili wakawa mmoja, nami nikaenda kwenye mstari uliofuata. Siku ile nilibonyeza hivyo mara nyingi.

Niseme wazi hapa, ili asiyejua kazi ya damu asiogope kupita kiasi: hakuna damu inayoingia mwilini mwa mgonjwa bila kupimwa tena. Sikumpa mtu damu isiyo yake. Nilichokata ni mwito.

Siku ya kuzindua mfumo walitoa soda na biskuti, mkurugenzi akaomba, tukapiga makofi. Na ulifanya kazi! Kila baada ya miezi minne simu za watoaji, namba moja kwa kila faili, zililia na ujumbe wa kuwaita, na watu wakaja wakiwa wameshika simu kama tikiti. Papa aliketi pembeni, mikono juu ya magoti. Mwezi uliofuata alistaafu. Mkataba wangu ukaongezwa, nikawa mtu wa kuitwa mashine inapogoma, na riwaya yangu ikabaki kwenye sura ya saba.

Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo. Jumatatu moja asubuhi daktari wa wazazi aliniita. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye mimba ya nne, alilazwa akivuja damu kidogo kidogo, kondo la nyuma limekaa chini, mlangoni pa mtoto. Angepasuliwa Alhamisi. Alikuwa O ya kutoa, damu adimu kwetu, ambayo haipokei nyingine. Daktari hakutaka kumgusa bila mifuko miwili karibu. Friji ilikuwa na mmoja.

Nikaiuliza kompyuta. Ikaniletea majina matatu. Wa kwanza alikuwa amehamia nchi jirani. Wa pili alikuwa ananyonyesha. Wa tatu, simu yake ilipokelewa na mjane wake. Nikauliza tena, kana kwamba mashine ingeona haya na kukumbuka.

Mwalimu alitaka kuniona. Alikuwa amelala kwa upande, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, macho yake yakikagua kila anayeingia kama anayetafuta kazi ya nyumbani isiyoandikwa.

"Ni weye wa ordinatere?"

"Ni miye, mama."

"Banasema eti mashini yako inajua damu ya batu yote ya Butembo. Yangu iko wapi?"

"Inatafuta, mama."

"Iambie niko na batoto tatu kwa nyumba. Isisinzie."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Kisha nilitoka nikaitafuta pikipiki.

Papa nilimkuta Bulengera, nyuma ya nyumba yake, akipalilia vitunguu akiwa ameketi kwenye kiti kidogo ambacho alikisogeza tuta kwa tuta. Tulisalimiana, "Wavukire," naye akaniangalia miguu. "Bado unakimbia," akasema. Nilimweleza. Akaweka jembe chini na kufumba macho. Nilisimama katikati ya vitunguu vyake nikiitazama ile sura iliyofungwa, na kwa mara ya kwanza sikutaka kujua kilichokuwa ndani. Nilitaka tu kitoke.

"Kuko mumoja," akasema. "Kijana mupole. Nilikuwa namuita kila miezi ine, hata mara moja hakukosa. O négatif kabisa." Akataja jina, jina la baba, mtaa.

Nikafungua kompyuta juu ya magoti. Alikuwemo. "Huyu, papa? Hapa inasema positif. Na alitoa damu mwezi iliyopita."

"Ule ni wa nyumba kubwa, fundi wa pikipiki. Miye nasema wa nyumba ndogo." Akafumbua macho. "Wa nyumba ndogo ulimuweka wapi?"

Nilikuwa nauona ule mguu mdogo wa wino nilioongeza, umesimama peke yake. Mzee akanitazama mpaka akaelewa, kisha akachukua jembe lake. Hakunikemea. Alisema tu, "Gereji ya ndugu yake iko pale chini. Kimbia sasa, leo ndiyo siku ya kukimbia."

Fundi wa pikipiki alikuwa amelala chali chini ya injini, viatu vyake vikitokeza.

"Nani?"

"Niko wa hospitali, kaka. Ni miye natumaka message ya damu."

"Tena? Nilitoa mwezi iliyopita! Munataka kunikausha kama makayabu?" Akatoka chini ya pikipiki akicheka, meno meupe katika uso wa grisi.

"Si weye, kaka. Natafuta ndugu yako mwenye jina kama yako."

Kicheko kikakatika. "Sina ndugu mwenye jina yangu."

"Wa nyumba ndogo."

"Nani alikuambia nyumba ndogo? Weye mutoto ya nani, unaingia mu nyumba ya batu bila kupiga hodi?"

"Kuko mama kwa maternité. Banamupasua Alhamisi. Anangoja damu ya ndugu yako."

"Basi mumuite! Ordinatere yenu si inajua batu yote?"

"Inajua weye tu. Miye nilimuingiza ndani yako."

Ilinibidi kumwonyesha. Alisogeza uso wake karibu na kioo, akasoma mistari ya faili lake, tarehe kwa tarehe, kidole cheusi kikisimama kwenye siku ambazo yeye hakutoa damu.

"Donc miye niko batu wawili?"

"Tangu mwaka moja na nusu."

Akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Akaniambia bila kunitazama kwamba siku ya kumzika baba yao, mtoto wa nyumba ndogo alimtangulia kutupa udongo kaburini, mbele ya watu wote, mbele ya mchungaji. "Tangu ile siku miye naye hapana. Hata namba yake niko nayo bure."

Ningeweza kumsihi kwa ajili ya mwalimu na watoto wake watatu. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema jambo ambalo halijawahi kutoka ndani ya nyumba yetu.

"Baba yangu ni wa nyumba ndogo."

Akainua kichwa.

"Wakati balimuzika babu, bakamuweka nyuma ya batu. Udongo hakutupa. Mpaka leo akienda kwa mazishi, hata ya mutu asiyemujua, anakuwa wa kwanza kuinama."

Pikipiki zilipita barabarani, moja, mbili, tatu. Miguu yangu ilitaka kuzifuata, nami nikaizuia. Kisha yule fundi akachomoa simu yake, akatafuta, akabonyeza, na kabla haijapokelewa akaiweka kiganjani mwangu.

"Ongea weye. Miye sitaongea."

Upande wa pili nilisikia sepetu zikikwaruza sakafu. Nikasema ninatoka hospitali ya Butembo, chumba cha damu. Sepetu moja ikaacha kukwaruza.

"Niko Beni," sauti ikasema hatimaye, "kwa depo ya kakao. Kuya kesho. Sitakimbia."

Neno hilo la mwisho lilinikaa kichwani usiku kucha kama kokoto katika kiatu.

Jumatano niliondoka mapema katika gari la abiria, sanduku la barafu la hospitali juu ya magoti yangu. Barabara ya kwenda Beni inateremka, na mwili unajua kabla ya macho. Baridi ya Butembo inakutoka bega kwa bega, shati linaanza kushika mgongo, na harufu ya kakao iliyochachuka, chungu na tamu kama siki iliyosahauliwa juani, inaingia dirishani. Abiria waliongea habari za barabara kwa sauti ya watu wanaoongea habari za mvua. Mimi nilihesabu saa. Hospitali ya Beni ilikwisha kukubali kwa simu kumtoa damu huko huko. Mimi nilipaswa kumfikisha mlangoni, kisha kuufikisha mfuko Butembo kabla barafu haijayeyuka.

Nilimtambua mara moja, kwa sababu alikuwa na uso wa fundi wa pikipiki uliooshwa. Alikuwa anageuza kakao juu ya turubai, peku, sepetu mkononi. Nilinyoosha mkono kumsalimia. Yeye akaiweka mikono yake nyuma.

"Sema tu, dada. Niko tayari."

"Kusema nini, kaka?"

"Kile kitu mulikuta mu damu yangu."

Sikuelewa, naye akadhani namwonea huruma. Akaongea haraka, macho yake kwenye kakao. "Kila miezi ine papa aliniita. Kisha kimya. Nikangoja. Miezi ine ingine, kimya. Naona ndugu yangu wa nyumba kubwa anakwenda kutoa, banamuita yeye, miye hapana. Hata mutu asiyesoma anaelewa. Mulipima mukakuta ugonjwa, mukaona haya kuniambia."

"Juu ya nini hukukuya kuuliza?"

"Niulize, baniambie? Nilikuya huku kwenye hakuna mutu ananijua."

Nilimwambia. Nilimwambia wima, pale juu ya turubai, harufu ile ikinipanda kichwani: kwamba hakuna aliyekuta kitu, kwamba kulikuwa na fomu isiyo na swali moja, kwamba niliyeiacha bila swali hilo ni mimi, na kwamba nilimchukua yeye nikamweka ndani ya ndugu yake kwa kidole kimoja, asubuhi moja, nikiwa na haraka. Alinisikiliza, kichwa kimeinama upande. Mara akacheka, pumzi moja tu, kama mtu aliyekanyaga hewa mahali alipodhani kuna ngazi.

"Nilikuwa na muchumba," akasema. "Nilimuambia atafute mwingine. Sikumuambia juu ya nini. Alilia, akaenda. Aliolewa Pasaka."

Nilikuwa na maneno mengi maishani mwangu. Ndiyo kazi niliyojichagulia. Hapo nilipata moja tu. Nilisema pole, na pole ikaanguka katikati yetu juu ya kakao.

"Ule mama ni nani?" akauliza.

"Mwalimu. Ana batoto tatu. Wa ine iko njiani."

Alilitwaa shati lake kwenye msumari. "Twende. Ni kwa ajili yake. Si kwa ajili yako."

Maabara ya Beni ilimpima kwanza, kama ilivyo desturi. Tuliketi kwenye benchi moja, nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Yeye hakutikisika, ila kidole gumba chake kilisugua kiganja, kilisugua, kilisugua. Nilitaka kusimama, kutembea, kununua maji, chochote. Nikabaki kwa sababu yeye hakuwa na pa kwenda. Fundi wa maabara, mama mnene mwenye miwani, alitoka na karatasi.

"Kaka, damu safi. Yote safi! Ningekuwa na kijana kama weye, ningemufungia kwa kabati."

"Soma tena, mama," akasema.

Akamsomea tena, ugonjwa kwa ugonjwa, na kila mara akisema "hakuna". Yeye aliitikia kila neno kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia sala. Kisha akaomba karatasi ile ibaki naye. Akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa kifua, akaingia ndani na kunyoosha mkono. Nilisimama mlangoni nikiangalia mfuko ukijaa polepole, mweusi karibu, ukicheza juu ya mizani yake. Hakunitazama. Mwishoni, sanduku lilipofungwa, alisema, "Sasa unaweza kukimbia."

Njiani lori lilikuwa limezama kwenye matope, na magari yamepangwa nyuma yake pande zote mbili. Nilikaa nimelikumbatia sanduku, nikilisikia baridi yake ikipungua, au nikidhani nalisikia. Abiria walijua habari yote kabla hatujasonga hatua kumi. Mwanaume mmoja alivua koti lake na kulifunika sanduku ili jua lisiliguse. Tulipofika kwenye kizuizi, askari kijana aliinama dirishani na lugha yake ya jeshi.

"Nini oyo?"

"Makila," nikasema, damu.

"Makila ya nani?" Alikuwa tayari ameshika kifuniko.

"Ya mama mumoja anazaa kesho!" gari zima likajibu kwa pamoja, kwa Kiswahili, kwa hasira.

Aliondoa mkono kama aliyeungua. "Kende, kende noki!" Alitaka twende upesi; akakimbia mwenyewe kuinua kamba.

Mfuko uliingia kwenye friji ya Butembo jua likiwa bado juu ya paa za maduka. Alhamisi asubuhi nilikaa kwenye ngazi za chumba cha upasuaji, sikuruhusiwa zaidi ya hapo. Muuguzi alipita na mfuko wa kwanza. Baada ya muda akapita tena, haraka, na wa pili. Nikajua basi kwamba daktari hakukosea kuogopa. Nilisikia mtoto kabla sijasikia habari za mama, na kwa dakika ambazo sizijui idadi yake sauti ile ilikuwa kitu kibaya zaidi nilichowahi kusikia. Kisha daktari akatoka akivua kofia. "Yuko," akasema. Alikuwa na maana ya wote wawili.

Jumamosi mwalimu alinipokea ameketi, mtoto wa kike kifuani. "Wasingya," akasema, asante. "Mashini yako inapita zote."

"Si mashini, mama. Ni kijana moja wa Beni." Nikamweleza yote, pamoja na yale yanayonihusu. Alisikiliza akimpapasa mtoto mgongo.

"Na bengine?" akauliza.

"Bengine gani?"

"Wenye uliweka mumoja ndani ya mwingine. Si ulisema ulibonyeza mara mingi?"

Mwalimu ni mwalimu hata akiwa na mshono tumboni. Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, nikaiomba inionyeshe kila mahali ilipowahi kusimama na kuniuliza, na kila jibu nililoipa. Iliweka kumbukumbu ya kila kitu. Hicho nilikuwa nimekibuni vizuri. Orodha ilitoka kwenye printa karatasi baada ya karatasi. Wengine bila shaka walikuwa kweli mtu mmoja na kalamu iliyochoka. Lakini ni wapi, nani? Hakuna mchoro ungeniambia. Nilikwenda kumchukua papa magoti yake yakikubali, na siku yasipokubali nilikwenda peke yangu, kwa miguu, Bulengera mtaa kwa mtaa, nikipiga hodi.

Mlango wa kwanza alifungua mama wa makamo aliyekuwa anachambua maharagwe. Nilisema jina langu la kazi tu: hospitali, chumba cha damu. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza swali langu la nyumba, nimelikariri njia nzima ili lisinitie haya. Sikupata nafasi. Ungo uliteremka polepole kutoka magotini mwake mpaka chini, na uso wake ukajifunga kama uso niliouona juu ya turubai la kakao.

"Nilijua mutakuya siku moja," akasema. "Niambie. Nitakufa lini?"

Nikaingia, nikaketi chini karibu na maharagwe yake, na sikusimama mpaka alipoamini kwamba hakuna aliyekuta kitu.